Musa Aliomba Utukufu, Akapewa Jina

Wachungaji wetu, mapadre, masista, wazee wa kanisa, na ninyi vijana mliosimama ukutani kwa kukosa viti, Bwana asifiwe.

Mmeitikia vizuri. Salamu hii tunapeana mara nyingi kwa siku, hata tumesahau kwamba ndani yake kuna jina. Mhubiri aliyepotewa na neno huiita imsaidie, na wakati mkutano unaitikia yeye anatafuta ukurasa. Mshereheshaji wa harusi huitumia kunyamazisha watu. Jina la Mungu liko nyuma ya daladala, juu ya mlango wa saluni, kwenye bango la duka la vipuri, na kwenye pikipiki ambayo mwendeshaji wake hana leseni. Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Wengi walioliandika hapo wanakiri jambo wanaloliamini kweli, kwamba chombo hicho au duka hilo halikupatikana kwa nguvu zao peke yao. Jioni hii nauliza jina lenyewe lina nini ndani yake, na Wakristo wana sababu gani ya kuliita jema.

Wengi mnatazamia nianze na kijiti kilichowaka moto. Ukurasa huo mnaujua. Musa aliuliza jina, akajibiwa kwa maneno ambayo wanazuoni bado wanayabishania: Mungu alisema kwamba yeye ni yeye, kwamba atakuwa vile atakavyokuwa. Wapo wanaosikia hapo mtu anayekataa kujitambulisha. Mimi sisikii hivyo, kwa sababu mstari unaofuata unatoa jina lenyewe, zile herufi nne za Kiebrania zinazoonekana zaidi ya mara elfu sita katika Agano la Kale, na kusema ndilo la kumkumbuka vizazi vyote. Lakini nakubali kwamba pale kwenye kijiti jina lilitolewa bila kuelezwa. Maelezo yalikuja sura thelathini na moja baadaye, katika mazingira mabaya sana, na huko ndiko ninakotaka tukae.

Sura ya 32 ya kitabu cha Kutoka ni habari ya ndama. Musa amekawia mlimani, watu wamechoka kumngoja, wamevua hereni zao na kuzifanya mungu wa dhahabu. Haruni alipoulizwa alijibu kwamba yeye aliitupa tu dhahabu motoni, na ndama akatoka. Watoto wa shule hujitetea vizuri kuliko hivyo. Musa akazivunja mbao za mawe, damu ikamwagika kambini, na Mungu akasema hatapanda tena pamoja na watu hawa, asije akawamaliza njiani. Agano lilikuwa limevunjika kabla wino wake haujakauka.

Hapo Musa anakwenda na kurudi kati ya pande mbili kama mshenga aliyepelekwa kuomba radhi kwa wakwe. Anapata neno moja, anarudi kuomba jingine. Mwishoni anathubutu ombi ambalo halina uhusiano wa wazi na tatizo lililopo: anaomba aonyeshwe utukufu wa Mungu. Tazameni jibu. Mungu hasemi kwamba atamwonyesha utukufu. Anasema atapitisha mbele yake wema wake wote, na kwamba atalitangaza jina lake masikioni mwake. Uso hataona. Kisha, katika sura ya 34, Musa amewekwa kwenye ufa wa mwamba, jambo linatokea, na mwandishi hatuelezi umbo wala rangi. Anatuandikia kilichosikika. Herufi nne zinatajwa mara mbili, na baada yake zinafuata sifa: kwamba huyu ana huruma, hutoa bila kudai, hasira yake huchelewa, upendo wake na uaminifu wake havipungui, husamehe uovu na uasi na dhambi.

Hayo ndiyo maelezo ya jina. Aliyeomba kuona ukuu alisomewa orodha ya wema. Na alisomewa wakati gani? Wakati watu hawakuwa na chochote cha kudai. Kama jina hilo lingetangazwa siku ya Bahari ya Shamu, huku wakipiga matari, wangedhani ni zawadi ya washindi. Lilitangazwa wakati majivu ya ndama yalikuwa bado kwenye maji waliyonyweshwa. Waswahili husema Mungu si Athumani, na kwa kawaida husema hivyo mnyonge anapopata nafuu ambayo hakuna mtu aliyemtarajia aipate. Israeli siku ile walikuwa wanyonge wa kujitakia, na nafuu wakaipata.

Lakini tangazo lile lina nusu ya pili, na mhadhiri anayeiruka anawapunja wasikilizaji wake. Baada ya msamaha, Mungu anasema pia kwamba hamwachi mwenye hatia hivihivi, na kwamba uovu wa baba huwafuata watoto mpaka kizazi cha tatu na cha nne. Katika miji yetu mstari huu umekuwa mtaji. Binti haolewi, biashara haisimami, mimba zinaharibika. Anaambiwa ni laana ya ukoo, kwamba babu yake alimwaga damu au alichinjia mizimu, na kwamba laana hiyo ina sadaka maalumu ya kuivunja. Nimewaona watu wazima, wasomi, wakihesabu makosa ya mababu ambao hawakuwahi kuwaona.

Wenye kuhubiri hivyo wangehesabu tarakimu zote mbili. Sentensi ileile inasema kwamba upendo wa Mungu unadumu kwa maelfu, na Kumbukumbu la Torati inafafanua kuwa ni vizazi elfu. Upande mmoja vizazi vitatu au vinne, upande mwingine elfu. Mizani hiyo haikusudiwi kusawazika. Tena tukumbuke nyumba ya Mwebrania ilikuwa boma: babu, mwana, mjukuu na pengine kitukuu waliishi pamoja, wakala kwa mavuno mamoja. Kizazi cha nne ndicho cha mwisho ambacho mzee aliyejaliwa umri anaweza kukiona kwa macho yake. Uovu wa mkuu wa boma uliwaumiza wote waliomo, jambo ambalo kila mwanakijiji hapa analifahamu kama jirani yake aliuza shamba akalinywea. Na watu wa uhamishoni Babeli walipolifanya jambo hilo kuwa methali, wakisema baba zao walikula matunda machachu na wao ndio waliokufa ganzi la meno, Ezekieli katika sura ya 18 aliwakataza kuisema tena. Kila mtu atajibu kwa ajili ya nafsi yake. Anayeuza maombi ya kuvunja laana ya ukoo amesoma nusu ya jina, tena nusu ndogo.

Manabii na waimba zaburi walilisoma lote, wakalirudia mara nyingi. Liko katika Hesabu, katika Nehemia, katika Yoeli, katika Zaburi ya 86, ya 103 na ya 145. Mahali ninapopapenda kuliko pote ni kwa Yona, kwa sababu pale linatajwa kama malalamiko. Ninawi umetubu, Mungu ameghairi adhabu, na nabii amekasirika kiasi cha kutaka kufa. Anamwambia Mungu, kwa maana, kwamba alijua mambo yataishia hapa. Ndiyo maana alikimbilia Tarshishi. Alimjua kuwa ni Mungu wa huruma asiye na haraka ya hasira. Yona alikuwa na elimu sahihi ya jina. Alichukia tu kwamba wema huo umewafikia Waashuri, watu waliokuwa wakichuna maadui ngozi. Ndugu zangu, mtu anaweza kufaulu mtihani wa katekisimu kuhusu jina la Mungu na bado akauchukia wema wake unapovuka kwenda kwa kabila lingine.

Sasa tushuke kutoka mlimani. Mwaka 1979 mwanaakiolojia Gabriel Barkay alikuwa akichimba makaburi ya kale mahali paitwapo Ketef Hinnom, nje ya kuta za Yerusalemu ya zamani. Vilipatikana vikunjo viwili vidogo vya fedha, vimeviringishwa, vya kuvaliwa mwilini. Ilichukua miaka kuvifungua bila kuvivunja. Ndani yake yalikuwa maneno ya baraka ya makuhani, ile ya Hesabu sura ya 6, pamoja na herufi nne za jina. Vinakadiriwa kuwa vya karne ya 7 au ya 6 kabla ya Kristo, yaani ni vya kale kuliko magombo ya Bahari ya Chumvi kwa mamia ya miaka. Mtu fulani wa Yerusalemu alizikwa na jina hilo mwilini mwake. Ndivyo baraka ile ilivyofundisha: makuhani waliliweka jina juu ya wana wa Israeli, na Mungu akaahidi kuwabariki waliowekewa.

Amri inayohusu jina, ambayo Waanglikana na Wapentekoste huiita ya tatu na Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya pili, inasomeka vizuri zaidi tukikumbuka vikunjo vile. Tumezoea kuifundisha kwa watoto kama amri ya ulimi: usiape ovyo, usitaje Mungu ukijikwaa. Hilo ni sawa, nami sipunguzi. Lakini waliopewa amri hiyo walikuwa watu waliokwisha kuwekewa jina, na kitenzi cha Kiebrania kilichotumika ni cha kuinua na kubeba. Anayelibeba bure analiharibia sifa hata akiwa kimya. Ezekieli, sura ya 36, anasema waziwazi kwamba jina la Mungu lilichafuka kati ya mataifa kwa sababu ya watu wake wenyewe, kiasi kwamba Mungu aliamua kuchukua hatua kwa ajili ya jina lake.

Wayahudi waliogopa kosa hilo hata wakaacha kulitamka. Mapokeo ya Mishna yanasema kuhani mkuu alilitamka Hekaluni Siku ya Upatanisho, na watu waliposikia wakaanguka kifudifudi. Hekalu likabomolewa mwaka 70 baada ya Kristo. Waliposoma Maandiko walisema Adonai, yaani Bwana. Waliotafsiri kwa Kigiriki wakaandika neno lenye maana hiyohiyo. Na Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 ikalifuata kwa kuandika BWANA kwa herufi kubwa. Umbo la Yehova lilitokana na kusoma konsonanti za jina kwa vokali za Adonai. Wataalamu wengi leo wanaona Yahweh ni karibu zaidi na matamshi ya kale, na hata hivyo mwaka 2008 Vatikani iliagiza umbo hilo lisitumike katika liturujia, kwa heshima ya mapokeo ya kutolitamka. Sitaingia katika ubishi wa nani analitamka sawasawa. Musa hakupewa somo la matamshi.

Kwa Mkristo swali la matamshi lilikwisha pata jibu la namna nyingine. Jina Yesu ni lilelile Yoshua, na Yoshua maana yake mwenye zile herufi nne anaokoa. Jina lililokuwa halitamkwi limo ndani ya jina la fundi wa Nazareti, na kila mtoto wa shule ya Jumapili analitamka. Yohana anapoandika kwamba waliuona utukufu wake, umejaa neema na kweli, anarudi Kutoka 34 moja kwa moja: utukufu ambao Musa aliuomba, na sifa ambazo Musa alizisikia. Kisha katika sala ya sura ya 17 Yesu anamwambia Baba kwamba amewajulisha jina lake. Hatusomi popote kwamba aliwafundisha wanafunzi silabi mpya. Aliwajulisha jina kwa kula na watoza ushuru, kumgusa mkoma, kumsamehe Petro.

Huku kwetu jina lilikuwepo kabla ya misheni. Mmisionari Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alikuta watu wanamtaja Mungu. Wachaga walikuwa na Ruwa, Wanyakyusa Kyala, Wahaya Ruhanga, Wajaluo Nyasaye, Wamaasai Engai, Baganda Katonda. Mwanateolojia wetu John Mbiti, mzaliwa wa Ukambani, alikusanya mawazo ya mamia ya jamii za Afrika kuhusu Mungu katika kitabu alichokitoa mwaka 1970, na katika jamii hizo zote hakukuta hata moja isiyomjua. Nchini Rwanda na Burundi watu humvalisha mtoto jina la Imana siku anapopewa jina: Habimana, Imana yupo, Bizimana, Imana ndiye ajuaye, Hakizimana, Imana ndiye aponyaye. Ni theolojia inayoitwa kwa sauti kila mama anapomwita mwanawe aje kula.

Na hapa lazima nitaje mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Waliouawa walikuwa na majina hayo. Waliowaua walikuwa na majina hayo. Kule Ntarama na Nyarubuye watu walikimbilia makanisani, nyumba zilizojengwa kwa jina hilohilo, wakauawa humo na majirani waliobatizwa kama wao. Miaka sita baadaye, tarehe 17 Machi 2000, mamia ya watu waliteketea ndani ya kanisa huko Kanungu, Uganda, wakiwa wafuasi wa kundi lililojitangaza kuwa linarejesha Amri Kumi za Mungu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja, ambayo hesabu yake ilipita mia nne. Sitafanya mafumbo juu ya mambo haya. Jina lilikuwa juu ya mlango, juu ya bango, juu ya watu wenyewe, na halikuzuia kitu. Wanaodhani jina la Mungu hufanya kazi lenyewe, kwa kutajwa tu, wasome habari hizi polepole.

Luka aliwajua watu wa namna hiyo. Efeso ulikuwa mji maarufu kwa maneno ya uganga, maneno yenyewe yakiitwa herufi za Efeso. Wana saba wa Skewa waliona Paulo anafukuza pepo, wakakopa jina la Yesu ambaye Paulo anamhubiri. Pepo akawajibu kwamba Yesu anamjua, na Paulo anamfahamu, lakini ninyi ni akina nani? Wakatoka mbio nyumbani humo, uchi na majeraha. Mimi hucheka kila nikisoma, kisha naacha kucheka, kwa sababu Luka anaendelea kusema waganga waliochoma vitabu vyao walikuwa tayari ni waamini. Walikuwa wameamini na bado wanaweka vitabu ndani, kwa tahadhari. Katika mafunjo ya uganga ya Misri yaliyohifadhiwa Paris kuna talasimu inayoapiza kwa jina la Yesu, ikimwita mungu wa Waebrania. Aliyeiandika hakutaka kuongoka. Alitaka jina lenye nguvu la kuongeza kwenye orodha yake. Na Yesu mwenyewe, Mathayo sura ya 7, anasema watakuja watu waliotoa unabii na kufukuza pepo kwa jina lake, naye atawaambia hakuwajua kamwe. Hakanushi kwamba pepo walitoka.

Lakini wapo waliolibeba vizuri, nami sitaki mtoke hapa na habari za moto peke yake. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ulifika Kenya ukaota mizizi katika nchi ya Wakikuyu. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, ndugu wa Uamsho, ahonoki kama walivyoitwa, walijikuta katikati. Wapiganaji wa Mau Mau waliwataka wale kiapo. Wakakataa, wakisema wamekwisha inywa damu ya Kristo na hawawezi kunywa nyingine. Serikali ya kikoloni iliwataka washike bunduki wajilinde. Wengi wakakataa hizo pia, kwa sababu hawakuweza kumpiga risasi mtu ambaye kesho walitaka kumhubiria. Wapo waliouawa. Madai ya ardhi ya Mau Mau yalikuwa ya haki, na wapo wanaowalaumu ahonoki mpaka leo kwamba hawakusimama na watu wao. Lawama hiyo ina uzito. Ila katika vita ambavyo kila upande ulimtaja Mungu, wao ndio waliofanana na tangazo la Kutoka 34, na waliolipa gharama ya kufanana nalo walikuwa wenyewe, si majirani zao.

Waliopita kipaimara katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) wanakumbuka katekisimu ndogo ya Luther ya mwaka 1529, inayouliza maana ya ombi la kwanza katika Sala ya Bwana. Jibu lake ni kwamba jina la Mungu ni takatifu lenyewe bila sisi kuomba, na tunaomba liwe takatifu kwetu pia. Ombi hilo limewekwa kabla ya mkate. Tunalipita haraka kwa sababu tuna njaa.

Wachungaji, nawaomba mambo mawili kabla sijakaa. Jumapili ijayo mkisimama kutaja jina hilo juu ya mtu aliyepiga magoti, mgonjwa, mjane, kijana aliyekosa kazi, msimtoze kitu. Wema uliotangazwa mlimani haukuwa na bei, na hamkupewa ruhusa ya kuuwekea. Na mkimtisha mtu kwa jina hilo, hakikisheni mmemsomea sentensi nzima, pamoja na zile elfu. Ninyi wengine, mkitajiwa jina la Mungu na mtu anayetaka fedha zenu, kura zenu au hasira zenu dhidi ya jirani, mna haki ya kumwuliza anazungumza kwa niaba ya Mungu yupi. Ni Kutoka, sura ya 34, mstari wa 6 na wa 7. Someni wenyewe.

Nimemaliza. Maswali yaanzie nyuma, kwa akina mama.